Tangazo Lisilo na Barua

Obadiah Ogeto alisoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Suneka, na hata baada ya kuiacha chaki watu waliendelea kumwita Mwalimu. Alifika kituoni kila alfajiri akiwa amevaa koti na tai, ingawa msikilizaji hamwoni mtangazaji. Nilipoanza kazi pale nilimuuliza sababu ya tai hiyo.

"Madam," alinijibu, "mimi huingia nyumba za watu waliofiwa. Nitaingiaje shati likiwa nje?"

Ninaandika habari zake kwa sababu nilishiriki kumharibia jina, na kwa sababu yeye mwenyewe hatayasema haya. Nilikuwa mkuu wa vipindi katika kituo kile. Nina shahada mbili za mawasiliano, na tasnifu yangu ya pili ilihusu jinsi watawala wanavyovitumia vyombo vya habari kuwapumbaza raia. Imejalidiwa vizuri. Iko kabatini kwangu hadi leo.

Kituo chenyewe kiko ghorofa ya pili ya jengo moja mjini Kisii na hutangaza kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Kina muziki, mahubiri, habari za majani chai na ndizi, na mijadala ya siasa ambayo wanasiasa huilipia wenyewe. Wasikilizaji wetu si wajinga. Mwanasiasa anapoingia hewani, wao hupunguza sauti na kuendelea kukamua ng'ombe. Lakini mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, matangazo ya vifo yanapoanza, nyumba zote hunyamaza, kuanzia Ogembo hadi mwisho wa Nyamira. Hapo ndipo mtu hujua ni binamu yake yupi amefariki, maiti itatoka mochari lini, na nani wanatarajiwa kuisindikiza hadi nyumbani. Asiyekwenda huulizwa sababu, na kusema kwamba hukusikiliza redio hakumtoshelezi mtu yeyote.

Obadiah aliijua imani hiyo, nayo ilimtia hofu. Hakusoma tangazo lolote lisilo na barua ya naibu wa chifu wa mahali alikotoka marehemu, pamoja na nakala ya kibali cha mazishi. Hata hizo zikiwepo, aliwapigia simu jamaa wawili, akawaomba wamtamkie kila jina polepole: wake kwa mpangilio wa kuolewa kwao, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha ndugu na dada na mahali dada hao walikoolewa. Juu ya kila jina aliweka alama kwa kalamu nyekundu. Vijana wa kituoni walimcheka, wakasema Mwalimu bado anasahihisha mitihani. Alikubali kwamba ni kweli.

Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi mdogo katika wadi moja karibu na Ogembo. Mshindani mkubwa alikuwa Joyline Obwocha, muuguzi mstaafu aliyezalisha nusu ya watoto wa kilima cha kwao, na kilima hicho kizima kilikuwa chake. Aliyeshindana naye alikuwa mfanyabiashara ambaye sikumwona zaidi ya mara mbili, kwa sababu kazi yake yote ilifanywa na Lewis. Lewis alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Alisomea chuo kile kile nilichosomea, chini ya baadhi ya wahadhiri wale wale. Juma hilo kila tangazo la siasa kituoni lilitoka kwake, na mwenye kituo alikuwa ameniagiza kwamba chochote cha Lewis kipite.

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya kura, Obadiah aliingia ofisini kwangu na karatasi mkononi.

"Madam, hili halina barua."

"La nani?"

"La mzee mmoja wa Borabu. Halina barua ya naibu wa chifu, halina kibali cha mazishi, na nambari zote mbili za simu hazishikwi."

Lewis alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni. "Ni mzee wa upande wa mama yangu," alisema. "Familia iko mbioni, Mwalimu. Kesho maiti inatoka, keshokutwa tunazika. Ama unataka tumzike siku ya Sabato?"

Obadiah ni Msabato wa kuzaliwa. Hakucheka. "Sijamkataa marehemu, kijana. Nimekataa karatasi."

"Karatasi ndiyo imekuja. Marehemu hawezi kupanda ngazi."

Wote wawili walinitazama. Niliichukua karatasi nikasoma mistari ya juu. Mzee Masese Mokua, aliyehamia Borabu kutoka karibu na Ogembo, alikuwa amefariki. Maiti ingechukuliwa Alhamisi asubuhi katika mochari moja mjini Nyamira, na ndugu, jamaa na marafiki wangekuta mabasi yakiwangoja Ogembo saa moja asubuhi. Chini yake kulikuwa na orodha ya nyumba zaidi ya thelathini. Orodha hiyo sikuisoma.

Alhamisi ilikuwa siku ya kura. Mzee huyo alitoka upande wa kilima cha Joyline, na walioitwa walikuwa watu wa huko. Nyamira ni mbali na Ogembo. Mtu mwenye elimu yangu hahitaji hata dakika moja kuyaunganisha mambo hayo matatu. Nimejiuliza mara nyingi kama niliyaunganisha, na kila mara nakumbuka kwamba macho yangu yalikwisha kurudi kwenye kompyuta kabla wazo halijafika. Sikujua, kwa sababu nilikataa kujua.

"Lisome, Mwalimu," nilisema. "Barua italetwa kesho."

"Ni wewe unayesema lisomwe?"

"Ni mimi."

Alitoa kalamu yake nyekundu, akaandika pembeni mwa karatasi: *Bila barua*. Kisha akaenda kuifanya kazi yake, na kwa bahati mbaya hakujua kuifanya vibaya. Alilisoma tangazo lile jioni hiyo na tena alfajiri, kila jina kwa uzito wake, kama kawaida.

Watu walikwenda. Wengi walidhani wangerudi kabla ya vituo kufungwa. Wachache walijaribu kumpigia simu mzee huyo, lakini Borabu haikuwa na stima tangu Jumatatu na simu yake haikuwa na chaji. Wengine hawakujaribu. Aliyesoma ni Mwalimu. Ungempigia nani tena? Mabasi manne yalijaa. Huko Nyamira, mhudumu wa mochari alifungua kitabu chake mbele yao, akapitisha kidole kwenye kila ukurasa, akasema hana mtu wa jina hilo. Walipotoka nje, mabasi hayakuwapo na simu za madereva zilikuwa zimezimwa. Walirudi kwa njia walizozijua wenyewe, wanawake wakiwa na leso za matanga viunoni, na wengi wao walifika Ogembo baada ya saa kumi na moja jioni, vituo vikiwa vimekwisha kufungwa. Joyline alishindwa kwa kura mia tatu na kumi na mbili.

Ijumaa asubuhi nilisikia kelele ngazini. Nilitoka hadi kwenye ukingo wa juu nikachungulia. Chini, mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa akizungumza na askari wa mlangoni.

"Nimekuja na maiti," alisema.

"Ya nani, mzee?"

"Yangu. Jana mliwaita watu wangu waje waichukue, wakaikosa. Nimeona niilete mwenyewe."

Askari alicheka, na waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kusikiliza. Obadiah alishuka akiwa amevaa tai yake.

"Wewe ndiye Mwalimu?" mzee aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Ulinisoma vizuri. Hukumsahau hata mke wangu wa kwanza, na huyo hata mimi humsahau." Watu walicheka tena. Mzee aliwangoja wanyamaze. "Mke niliye naye alisikia kwenye redio ya betri. Mimi nilikuwa shambani nachuma chai. Alikuja mbio, akanishika uso kwa mikono miwili mbele ya vibarua. Miaka arobaini hajanishika hivyo. Sasa niambie, hilo nikushukuru ama nikushtaki?"

"Nishtaki, mzee."

"Nani alikupa jina langu?"

Obadiah hakuangalia juu. Lau angeangalia, angeniona. "Nilisoma mimi," alisema.

Mzee aliinua mkono kuivuta kofia yake, nami nikaona kwamba mkono huo hauna kidole cha kati. Nilikijua kisa cha kidole hicho. Kilikatwa na mashine ya kusaga mahindi, na mwenye mkono ule alituletea miwa kila Desemba tulipokuwa watoto. Alikuwa binamu ya mama yangu. Sisi tulimwita mjomba wa Borabu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kujua kwamba jina lake ni Masese.

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikaitafuta ile karatasi kwenye jalada. Safari hii niliisoma hadi chini. Katika mstari wa kumi na saba palikuwa na jina la mama yangu: *dada yao Bathsheba*, na kilima alikoolewa.

Ningependa kuandika kwamba nilishuka ngazi. Sikushuka. Jumatatu mwenye kituo alitaka mtu wa kulaumiwa, nami niliichapa barua ya kumfukuza Obadiah kazi na kuitia sahihi. Ilisema amekiuka kanuni ya kuthibitisha matangazo, kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Sina ubishi," alisema. "Naomba jambo moja tu. Masahihisho yasomwe katika saa ya vifo, na majina yote. Waliodanganywa saa hiyo waambiwe ukweli saa hiyo hiyo."

"Nitayapeleka juu, Mwalimu."

Niliyapeleka. Juu wakasema masahihisho marefu ni kukiri kosa, na kukiri ni kumpa Joyline ushahidi wa kwenda nao mahakamani. Basi yakasomwa saa nane mchana na Purity, mtangazaji wetu wa muziki, kati ya nyimbo mbili: kituo kinasikitika kwa hitilafu iliyotokea katika tangazo la Jumatano. Hakuna jina lililotajwa. Saa nane mchana watu wa kilima kile wako mashambani.

Nimewasikia wenzangu wasomi wakilalamika kwamba wananchi wetu hawaamini chochote. Je, watuamini kwa lipi? Watu wale walikwisha kujifunza kumsikiliza mwanasiasa kwa sikio moja. Walibakiwa na robo saa mbili kwa siku ambazo walizisikiliza kwa masikio yote, na sisi, tuliosomeshwa kwa jasho la majani chai yao, tuliingia hata humo. Hatukulazimishwa na askari wala sheria. Lewis alihitaji karatasi moja tu na mwanamke mmoja asiyetaka ugomvi na bosi wake.

Jumapili ya pili baada ya uchaguzi nilikwenda kumwona mama. Nilimkuta ameketi nje, ameunyoosha mguu juu ya kigoda. Alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka uliopita.

"Umevimba tena," nilisema.

"Ni ile safari ya Nyamira. Tulitembea kipande kirefu kabla ya kupata gari." Alilikanda goti lake. "Mguu si kitu. Joyline ndiye aliyemuosha baba yako vidonda miezi minane. Nilimwambia kura yangu atakuwa nayo hata nikibebwa kwa machela. Nilifika mlango ukifungwa. Yule kijana wa mlangoni akaniambia, nyanya, umechelewa kidogo tu."

Kisha akanigeukia.

"Wewe uko huko redioni, Kwamboka. Hawakukuambia nani aliiandika karatasi ile?"

"Wanachunguza, mama."

Nilimwambia mama yangu hivyo, naye akilikanda goti.

Hazikupita dakika nyingi kabla ya mtu kubisha hodi langoni. Alikuwa Obadiah, na viatu vyake vilijaa udongo mwekundu. Alikuwa amevaa koti na tai. Aliponiona alisita.

"Madam."

"Mwalimu."

"Mnajuana?" mama aliuliza.

"Tulifanya kazi pamoja," alisema, kisha akamgeukia mama. "Mama, mimi ni Obadiah Ogeto. Nilisoma tangazo la uongo likataja jina lako. Ninapita kila nyumba iliyotajwa nikisoma masahihisho. Ukiniruhusu nitayasoma, usiponiruhusu nitakwenda."

"Umepita ngapi?"

"Hii ni ya ishirini na nne."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Kule juu nyumba moja waliniachilia mbwa, lakini alikuwa mbwa mzee."

Mama alicheka kidogo, kisha akashusha mguu chini na kuketi wima, kama anavyoketi akisikiliza redio. Obadiah alifunga kifungo cha koti. Akasoma kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiingia jikoni kwetu miaka kumi na tisa.

"Wanatangaziwa watu wa ukoo wa Mokua, popote walipo, kwamba Mzee Masese wa Borabu yu hai na ana afya njema. Waambiwe pia ndugu zake, wake zake, wanawe na wajukuu." Akayataja majina yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wake. Alipofika mstari wa kumi na saba alimtazama mama, akasema, "Na dada yao Bathsheba." Kisha akamalizia: "Tangazo la kifo chake lilisomwa bila barua ya naibu wa chifu. Lililetwa na mtu wa kampeni ili watu hawa wasipige kura. Aliyelisoma ni Obadiah Ogeto, naye anaomba radhi."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya migomba. Nilingoja aseme lililobaki, nikaona anaikunja karatasi. Alikuwa amesoma katika nyumba ishirini na tatu kabla ya hii, na katika zote hakunitaja.

"Haijaisha," nilisema.

"Imeisha, madam."

"Haijaisha. Mama, Mwalimu alikataa kulisoma. Alikuja ofisini kwangu akaniambia halina barua. Mimi ndiye niliyesema lisomwe. Na aliyefukuzwa kazi ni yeye, kwa barua niliyoitia sahihi mimi."

Mama alimtazama Obadiah. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na jina langu lilikuwa kwenye karatasi alipoishika?"

Obadiah alitazama viatu vyake. Nikajibu mimi: "Lilikuwamo. Sikusoma hadi chini."

"Nilikupeleka shule ujue kusoma," mama alisema. Hakupandisha sauti. Alisema hivyo tu, na hadi leo ningependa zaidi angenipiga.

Baadaye alinyoosha mkono kuelekea kwenye karatasi. "Mwalimu, una kalamu?"

Alikuwa nayo, ile nyekundu. Alijaribu kusema kwamba si lazima, kwamba mimi ni mama wa watoto na nina kazi ya kulinda. Mama alimkatiza. "Wewe huna watoto?" Obadiah aliandika akiwa ameiweka karatasi gotini, kwa hati ya mwalimu, kisha akaniuliza kwa heshima jina langu kamili, na jinsi ninavyotaka litamkwe.

"Soma tena," mama alisema. "Kutoka mwanzo."

Alisoma tena kutoka mwanzo, majina yote.

Alipomaliza, mama aliuliza nyumba zilizobaki ni ngapi. Zilikuwa tisa, ya mwisho ikiwa ya shangazi wa Joyline. Mama aliingia ndani akichechemea, akarudi na gamubuti zake, viatu vya mpira vya shambani, akaziweka mbele yangu. Mguu wangu ni mkubwa kuliko wake. Nilizivaa hivyo hivyo.

Katika nyumba ya kwanza Obadiah alisoma mwenyewe, na mwenye nyumba akaniangalia kutoka kichwani hadi kwenye gamubuti. Katika nyumba ya pili, kabla hatujabisha hodi, aliitoa karatasi mfukoni akanipa.

"Hapa soma wewe," alisema. "Usiharakishe majina."